Shamba la Watoto Wenye Mahitaji Maalum: Kikundi Kitoe Nini?



Somo la leo ni la kusoma mkiwa pamoja. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, kisha mzungumze. Ndivyo walivyofanya wazee wetu mwaka 1973 katika vikundi vya "Mtu ni Afya", walipoizunguka redio moja na kitabu kimoja. Safari hii hakuna redio. Wekeni daftari na kalamu karibu, maana mbele kuna hesabu.

Hapa Rungwe hatuna upungufu wa vikundi. Tuna vikundi vya hisa, vya wakulima wa chai, vya maziwa, vya parachichi, vya akina mama wa kanisani, na vya kuzikana. Vingi vina kisanduku cha mfuko wa jamii, yaani ile fedha isiyokopeshwa, inayotolewa mwenzetu akipata shida. Sasa vikundi vingine vinatuuliza hivi: "Shuleni kwetu kuna watoto wenye mahitaji maalum. Mwalimu anataka shamba la kuwafundishia. Sisi tutoe nini?"

Jibu linalokuja haraka mdomoni ni majembe. Sisi tunasema majembe yasubiri kidogo.

Mtoto gani tunayemsema

Zamani tulikuwa na neno moja tu, kilema, na ndani yake tulimtia kila mtu. Siku hizi tunatenganisha, na kutenganisha huku si adabu tu, ni kazi. Mtoto kiziwi, mtoto asiyeona, mtoto mwenye ulemavu wa akili, mwenye usonji, mwenye mtindio wa ubongo ambaye viungo vimekaza, mwenye ulemavu wa ngozi, mwenye kifafa: hawa hawafundishwi shamba kwa njia moja. Kikundi kinachotoa fedha bila kuuliza ni watoto wa namna gani kitanunua vitu visivyotumika.

Basi jambo la kwanza ni kwenda kumwona mwalimu. Muulizeni: watoto ni wangapi, kila mmoja anaweza nini, na nini kinamzuia. Mwalimu aliyesomea elimu maalum, kama wanaotoka Chuo cha Patandi kule Arusha, atawajibu upesi. Asiyesomea naye atawajibu, kwa kuwa anakaa nao kila siku. Na mzazi aulizwe pia. Mama ndiye anajua kwamba mwanawe huogopa kelele za mashine au hapendi kushika tope.

Kwa nini shambani

Wengine wanadhani mtoto wa namna hii anapelekwa shambani kwa sababu darasa limemshinda. Si hivyo. Kuna mambo ambayo mtoto mwenye ulemavu wa akili hawezi kuyashika ubaoni, lakini anayashika mkononi. Namba tano ubaoni ni alama ya chaki. Viazi vitano ndani ya ndoo ni vitano kweli, vina uzito, na kimoja kikianguka anaona vimebaki vinne. Mtoto mwenye usonji hutulia kazi ikirudi kwa mpangilio ule ule kila siku, na ng'ombe wa maziwa, bwana, hajui sikukuu: majani, maji, kukamua, kusafisha banda. Mtoto kiziwi hahitaji masikio ili amjue ng'ombe mgonjwa. Anamtazama macho na kinyesi, kama tufanyavyo sisi.

Tena jambo hili si geni katika nchi. Kituo cha Gabriella kule Moshi kinahudumia watoto na vijana wenye usonji na ulemavu wa akili, na kazi za mikono zikiwemo za bustani ni sehemu ya mafunzo yao. Na sera ya Elimu ya Kujitegemea, aliyoitoa Mwalimu Nyerere mwezi Machi 1967, ilitaka shamba la shule liwe mahali pa kujifunza kwa kutenda.

Hapa kwetu mambo haya ni ya zamani zaidi. Mwanamama Monica Wilson, mtaalamu aliyekaa na Wanyakyusa miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951 jinsi wavulana wadogo walivyochunga ng'ombe wa baba zao pamoja, kisha wakakua na kujenga kijiji cha rika lao. Alilishika sana neno moja la Kinyakyusa, ukwangala, yaani kukaa na wenzako na kufurahia kuwa pamoja. Sasa mfikirie mtoto anayefungiwa ndani wageni wakija. Huyo hakukosa kalamu tu, alikosa na ukwangala. Shamba la watoto linamrudishia vyote viwili, ila kwa sharti moja: asiwe huko peke yake. Watoto wengine wa shule wawepo, wapande naye mstari mmoja.

Kujifunza si kutumikishwa

Tuseme wazi. Shamba la shule lina historia mbili. Moja ni hiyo ya Mwalimu. Ya pili tunaijua wote tuliosoma: shamba lilikuwa adhabu. Aliyechelewa alikwenda kulima, na mavuno hakuna aliyejua yalikokwenda. Mtoto mzima aliweza kunung'unika au kumweleza baba yake nyumbani. Mtoto asiyesema atamweleza nani?

Kwa hiyo kikundi kikitoa fedha, kitoe pamoja na macho yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi tu kwa mtoto aliyefikisha miaka 14, na isiyomdhuru wala kumwondolea masomo. Shamba tunalolisema hapa si ajira hata kidogo. Ni somo, nalo lina dalili zake. Mwalimu yupo. Muda umepangwa na ni mfupi, nusu saa au dakika 40. Kila mtoto ana jambo moja anajifunza wiki hiyo. Ukifika ukakuta watoto wanabeba ndoo kwenda nyumbani kwa mtu, hilo si somo, hata likiitwa kwa jina zuri.

Namna ya kufundisha kazi moja

Tuchukue kupanda viazi mviringo, kama wanavyopanda kule juu Isongole. Mtu mzima anaona ni kazi moja. Kwa mtoto tunayemsema ni kazi nyingi zilizoshikana: kushika kijiti cha kupimia, kukilaza chini, kutoboa shimo, kuchukua kiazi, kukigeuza chipukizi liangalie juu, kukiweka, kufukia, kusogea mbele.

Mfundishe hatua moja moja. Walimu wa elimu maalum wana mbinu ambayo sisi tunaipenda sana: kuanza na hatua ya mwisho. Mwalimu anafanya zote, mtoto anafukia tu. Kila mara mtoto ndiye anayemaliza kazi, na kumaliza kunampa moyo. Akishazoea kufukia, anaongezwa kuweka kiazi na kufukia. Hivyo hivyo tunarudi nyuma mpaka siku atakayoanza mwenyewe na kijiti chake.

Kijiti kiwe na urefu wa sentimita 30. Hicho ndicho kipimo cha kutoka kiazi hadi kiazi, na kutoka mstari hadi mstari iwe sentimita 75. Asiyeona anakipapasa, asiyejua kuhesabu anakilaza tu, na wote wawili wanapanda sawa na bwana shamba. Kwa asiyeona ongeza kamba iliyofungwa kwenye mambo mbili, aifuate kwa mkono.

Hebu sasa piga hesabu. Mstari una urefu wa mita 6. Kila sentimita 30 kuna kiazi. Mtapanda viazi vingapi? Wengi watasema 20, kwa kuwa 600 gawanya kwa 30 ni 20. Lakini kama mmeanza kupanda mwanzoni kabisa mwa mstari, vitakuwa 21. Mwenye shaka akapande.

Mwalimu aandike maendeleo. Si kwa alama mia kwa mia. Aandike kama mtoto amefanya kwa kushikwa mkono, au kwa kuelekezwa, au mwenyewe. Hayo matatu yanatosha. Mtoto aliyekuwa anashikwa mkono mwezi Novemba, na mwezi Januari anaelekezwa tu kwa kidole, huyo amefaulu mtihani mkubwa.

Mambo ya hatari

Mtoto mwenye kifafa asiachwe peke yake karibu na lambo, mto, moto au ngazi, wala asipewe panga. Shamba halizuii dawa: ameze kama alivyoandikiwa hospitali. Mwenye ulemavu wa ngozi avae kofia pana na mikono mirefu, afanye kazi asubuhi mapema au jioni. Msidanganyike na mawingu ya Tukuyu na baridi yake. Jua linaunguza ngozi hiyo hata siku usiyoliona. Kiziwi hasikii ukipiga kelele "jihadhari!", basi asikae mahali mgomba unapoangushwa.

Na dawa za kunyunyizia viazi kuzuia ukungu ziwe mbali na watoto wote kabisa. Wasichanganye, wasibebe bomba, wasichezee chupa tupu. Siku ya kunyunyiza, watoto hawaendi shambani, na hawarudi mpaka muda ulioandikwa kwenye kibandiko cha dawa uishe. Sisi tungeona bora shamba la watoto liwe na mboga na migomba zaidi kuliko viazi, kwa sababu hii moja.

Sasa fedha: kikundi kitoe nini

Twende kwenye swali lenyewe. Tulisema majembe yasubiri. Kwa nini? Kwa sababu majembe shule nyingi yapo. Kinachomzuia mtoto kufika shambani mara nyingi ni njia. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka, na udongo wetu wa volkano ukilowa unateleza kama sabuni. Kiti cha magurudumu kinazama. Mtoto wa magongo anaanguka mara mbili, mara ya tatu hataki tena. Kikundi kikimwaga kokoto na changarawe kutoka mlango wa darasa hadi bustani, tena kwa nguvu za wanachama wenyewe Jumamosi moja, kimefanya jambo kubwa kuliko majembe 20.

Baada ya njia, vitalu vya kimo cha meza, vya mbao au mianzi, ili mtoto aliyeketi afikie udongo. Au bustani ya gunia: gunia la udongo na samadi, katikati nguzo ya mawe ya kupitisha maji, pembeni matundu ya kupandia mboga. Mipini mifupi na minene kwa mikono isiyoshika vizuri. Hivyo fundi wa kijiji anavitengeneza, havitoki Dar es Salaam. Kisha kuna jambo ambalo wafadhili hawalipendi kwa kuwa halipigiwi picha, yaani uji wa saa nne, na posho ndogo ya mama mmoja wa kumsaidia mwalimu. Mwalimu mmoja hawezi kushika mikono kumi.

Tupige hesabu ya mfano. Kikundi kina wanachama 25. Kila mmoja anatia shilingi 500 kwa wiki katika mfuko wa jamii.

25 mara 500 ni shilingi 12,500 kwa wiki.
12,500 mara wiki 48 ni shilingi 600,000 kwa mwaka.

Nusu ibaki kwa misiba na magonjwa ya wanachama, maana ndiyo kazi ya mfuko. Nusu nyingine, shilingi 300,000, iende shamba la watoto. Je, inatosha nini? Hapo sisi hatuwajibii. Andikeni bei za kwenu: kokoto tripu moja, mbao, mbegu, sukari na unga wa uji kwa wiki 40. Jumlisheni. Ikizidi, kata kimoja, na mkubaliane ni kipi. Mabishano hayo ndiyo somo lenyewe.

Wengine watasema, "Tukachukue mkopo wa halmashauri." Mikopo ipo kwa sheria. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Lakini someni neno lenyewe: ni mkopo. Utarudishwa. Ukinunulia uji wa watoto mkopo, uji umeliwa na deni limebaki. Mkopo uingie kwenye biashara ya kikundi, tuseme ng'ombe wa maziwa au miche ya parachichi, na faida ndiyo iende kwa watoto. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ataeleza masharti.

Na hapo pia angalieni muda. Parachichi la kubebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, na watoto hawawezi kusubiri uji miaka mitatu. Maziwa huleta fedha kila siku, lakini ng'ombe anakula kila siku. Viazi ni miezi mitatu hadi minne. Kikundi chenye akili kinachanganya. Wengi wa wasomaji wetu wanaufahamu mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, wa kupewa mtamba na kumpa mwenzako ndama jike wa kwanza. Hakuna kinachozuia kikundi kuamua kwamba ndama mmoja katika zamu hiyo aende banda la shule.

Neno juu ya michango. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi ni bila ada, na mzazi hawezi kulazimishwa mchango ndipo mtoto wake asome. Mfuko wa kikundi ni hiari ya wanachama. Msije mkamwambia mama wa mtoto kiziwi, "Wewe hujatoa, mwanao asiingie bustanini." Hiyo itakuwa kuvunja kile mlichokuja kujenga.

Mavuno ni ya nani

Hili ndilo linalovunja vikundi, kwa hiyo liandikwe kabla ya kupanda. Sisi tunashauri hivi. Mavuno ya kwanza yaingie kwenye sahani ya watoto wenyewe. Sehemu ibaki mbegu. Sehemu iuzwe, na watoto waende sokoni Tukuyu na mwalimu wao, wapokee fedha, warudishe chenji. Wakikosea, wakosee huko huko mbele ya mwalimu. Wanachama wa kikundi wasigawane hata mkungu mmoja. Fedha yote iandikwe katika daftari, na daftari lisomwe kwa sauti kwenye kamati ya shule.

Na kila mtoto achukue kitu nyumbani. Tulimwona binti mmoja mwenye ulemavu wa akili akishuka njiani na kabichi kichwani, hataki kupokewa na mtu. Jirani akauliza kaitoa wapi. Mama yake akajibu, "Kalima mwenyewe." Jirani akatazama kabichi, akamtazama mtoto, akasema, "Ndaga fijo." Kwa asiyejua Kinyakyusa, ni asante sana.

Baada ya shule

Limebaki jambo moja gumu, nalo vikundi hulikwepa. Mtoto amejifunza kupanda, kupalilia, kukata majani ya ng'ombe. Amemaliza shule. Anarudi nyumbani. Baba anagawa shamba. Kaka kapata, mdogo wake kapata, yeye hakupewa hata migomba miwili. Sababu? "Huyu atalishwa na ndugu zake." Basi yale mafunzo yote atayatumia wapi? Ardhi ya Rungwe ni finyu, hilo tunalijua, na kila familia inabana. Lakini anayeachwa mikono mitupu kila mara ni yule yule.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi. Hata hivyo hatuoni askari akija kupima migomba ya nyumba kwa nyumba. Anayeweza kuliuliza swali hili ni kikundi, kwa kuwa baba huyo ni mwanachama, anakaa nasi kila wiki. Sisi tunaona kikundi kabla ya kutoa shilingi ya kwanza kikae na wazazi wa watoto hao, kiulize kila familia: mtoto huyu ametengewa sehemu gani? Si lazima iwe kubwa. Migomba kumi karibu na nyumba, ambayo anaweza kuifikia kwa miguu yake au kwa kamba yake, inatosha kuanza. Iandikwe, mashahidi wawepo, na mwenyekiti wa kitongoji ajue.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kijijini kwetu kuna watoto wangapi wenye mahitaji maalum wasiokwenda shule? Tunawajua kwa majina, au tunakisia?
2. Kutoka darasani hadi shamba la shule ni hatua ngapi? Nani ataipima njia hiyo siku ya mvua?
3. Mfuko wetu wa jamii una shilingi ngapi leo? Tukitoa nusu, msiba ukitokea mwezi huu tutafanyaje?
4. Chagueni kazi moja ya mgomba, kama kupunguza machipukizi. Igaweni katika hatua, kisha mwambieni mwenzenu aliyefumba macho aifanye kwa kufuata maelezo yenu. Amekwama wapi?
5. Katika nyumba zetu wenyewe sisi wanachama, mtoto gani hajatengewa shamba?

Swali la tano msilijibu kwa kunyoosha mikono. Kila mtu aende nalo nyumbani, na mkutano ujao aje na jibu lililoandikwa.